Je, Wajua? Helikopta Sebuleni

Je, wajua kwamba mtu aliyeipa dunia helikopta ya umbo tunalolijua leo hakuwa na wa kumfundisha kuirusha? Igor Sikorsky, mhandisi mzaliwa wa Kyiv aliyehamia Marekani, alikiinua chombo chake cha VS-300 kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford, Connecticut. Kilikuwa kimefungwa kamba chini. Alijifunza palepale, akiwa mbunifu, rubani na mwanafunzi kwa pamoja, na hakuruka bila kamba hadi tarehe 13 Mei 1940. Siku hizi kijana wa Morogoro au Eldoret huketi mbele ya kompyuta, akavaa hedfoni, akamkuta mwalimu na wanafunzi wenzake wa nchi kadhaa wamekwisha kujipanga kwenye uwanja wa ndege ulio ndani ya kioo. Akianguka, anabonyeza kitufe na kuanza upya.

Kwetu sisi helikopta ni chombo cha wakubwa. Tangu Freeman Mbowe alipoizunguka Tanzania kwa helikopta akiomba kura za urais mwaka 2005, ukitaja chopa watu huona vumbi, bendera na watoto wanaokimbilia uwanja wa shule. Kenya ndiyo usiseme. Kwamba mtu wa kawaida anaweza kukaa nyumbani akajifunza namna inavyorushwa, tena kwa kufuata somo, ni jambo ambalo wengi hawajalifikiria.

Je, wajua kwamba simuleta ya kwanza kuenea duniani ilitoka katika kiwanda cha vinanda? Edwin Link alikulia katika biashara ya baba yake ya piano na ogani mjini Binghamton, New York. Ogani hulia kwa upepo wa mivukuto. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Link aliichukua mivukuto na pampu za aina ileile, akaviweka chini ya kisanduku chenye mabawa mafupi, na kisanduku kikawa kinayumba na kuinama kadiri aliyekaa ndani anavyosogeza fimbo. Wakubwa wa jeshi hawakumjali. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambako watu walilipa kidogo wakapanda, wakacheka, wakashuka. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani waliozoea kuruka mchana kweupe walikufa mmoja baada ya mwingine katika ukungu na theluji. Hapo ndipo jeshi liliponunua visanduku sita, kila kimoja dola 3,500.

Programu ya Microsoft ya kurusha ndege ilitoka mwaka 1982, kutokana na kazi ya Bruce Artwick aliyekuwa ameanza na kompyuta za Apple II. Helikopta ilingoja miaka 15: Bell 206 JetRanger iliingia katika toleo lililouzwa mwaka 1997. Halafu toleo la mwaka 2020 likatoka na ramani ya dunia nzima, milima yote, miji yote, na helikopta hata moja haimo. Wapenzi wa mapanga walinuna kwa zaidi ya miaka miwili. Helikopta zilirudi tarehe 11 Novemba 2022.

Kwa mwenye mfuko mwembamba ipo FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa. Imekuwa ikitengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na ndani yake utaikuta Bo 105 ya Ujerumani. X-Plane, ya Mmarekani Austin Meyer, ni ya kulipia. Hiyo hukata kila panga vipande vidogovidogo, ikapiga hesabu ya nguvu ya hewa katika kila kipande, ikarudia hesabu hiyo mara nyingi katika kila sekunde. Hapo ndipo ilipopatia wapenzi wake wengi wa helikopta.

Je, wajua kwamba rubani wa helikopta hana kiungo cha kupumzisha? Mkono wa kushoto hushika wenzo unaoitwa kolektivu, ambao hubadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja: ukiuinua chombo kinapanda, ukiushusha kinashuka. Mkono wa kulia hushika fimbo iliyo kati ya mapaja, sikliki, ambayo hubadilisha pembe ya kila panga kwa zamu yake linapozunguka, ili rota ielemee upande unaotaka kwenda. Miguu iko kwenye pedali mbili zinazotawala rota ya mkia, kazi yake ikiwa kuuzuia mwili wa helikopta usizunguke kinyume cha mapanga.

Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja kinachofanya kazi peke yake. Unainua kolektivu, injini inapata mzigo, pua inageuka. Unakanyaga pedali kuirudisha, rota ya mkia inakisukuma chombo pembeni. Unasogeza sikliki kuzuia kwenda pembeni, na sehemu ya nguvu iliyokuwa ikikubeba inakwenda kwenye kuzuia huko, kwa hiyo unaanza kushuka. Unarudi kwenye kolektivu. Pua inageuka. Yote hayo ni ya kusimama tu hewani mahali pamoja, futi tano juu ya ardhi, bila safari yoyote. Ni sawa na kubeba ndoo iliyojaa kichwani, bila kata, ukiwa umesimama kwenye ngalawa.

Na kuna kioja kingine ndani ya rota yenyewe. Panga hufika juu kabisa karibu robo mzunguko baada ya pembe yake kuongezwa. Kwa hiyo mafundi huunganisha vyuma kwa namna ambayo amri ya kwenda mbele hulifikia panga mapema, likiwa bado pembeni. Rubani hahitaji kulifikiria hilo. Fundi asipolifikiria, hakuna rubani.

Je, wajua kwamba kwenda ni rahisi kuliko kusimama? Helikopta ikifikisha kasi ya kilomita 30 hadi 45 kwa saa, rota huanza kukata hewa ambayo haijavurugwa na mapanga yenyewe, na chombo kikapata nguvu ya kupanda bila kuongezewa chochote. Mkia nao huanza kukinyoosha. Ndiyo maana anayeanza kujifunza akishindwa kuelea, hukimbia: anasukuma fimbo, anaondoka kwa kasi, anafurahia mandhari, na mwalimu anabaki akimwita kwenye hedfoni arudi. Walimu wengi wa mtandaoni huanza na kuelea kwa sababu hiyo hiyo. Atakayeruhusiwa kukimbia siku ya kwanza atakuwa akikimbia miezi.

Katika helikopta ya kweli, mwalimu hushika vidhibiti viwili akamwachia mwanafunzi kimoja. Zamu ya pedali, kisha kolektivu, kisha sikliki, ambayo ndiyo mtihani. Mtandaoni, baadhi ya programu huruhusu watu wawili kukaa katika chumba kimoja cha rubani hata kama mmoja yuko bara jingine, na mtindo huo unawezekana. Pasipo hivyo, mwalimu hutumia hila: mwanafunzi anainua kolektivu mpaka helikopta iwe nyepesi juu ya vyuma vyake bila kuacha ardhi, kisha anajaribu kuigeuza pua kwa miguu tu. Ukiona pua imetulia, ndipo unapopewa ruhusa ya kuinuka kidogo.

Sasa nitasema ninaloliamini. Katika darasa la kikundi, sehemu yenye faida kuliko zote ni ile ambayo watu huilalamikia: kungoja zamu.

Sababu yake iko katika namna helikopta inavyoitikia. Ukisogeza fimbo, mapanga ndiyo yanayoinama kwanza, na mwili hufuata baadaye kidogo, maana unaning'inia chini yake. Aliye ndani huona mwili tu. Anasogeza fimbo, haoni kitu, anaongeza, mara mwili unafika kwa nguvu zote mbili, anashtuka, anarudisha kupita kiasi, na baada ya hapo ni kuyumba huku na huku mpaka chini. Aliyekaa pembeni akimtazama mwenzake kwenye kioo huona kinachotokea: sahani ya mapanga imekwisha kuinama, mwili bado, na mkono wa mwanafunzi umekwisha kuongeza amri ya pili ambayo haikuhitajika. Ukiliona kosa hilo kwa wenzako watatu kabla ya zamu yako, unashika fimbo kwa adabu.

Kuna na sikio. Mwalimu humwambia wa kwanza, "Polepole, umeibana mno fimbo." Anamwambia wa pili vilevile. Wa tatu anaambiwa aegemeze mkono kwenye paja, asogeze vidole tu. Ukifika wa nne, maneno umekwisha kuyasikia, na hakuna aliyekufokea. Mwanafunzi wa helikopta ya kweli hulipia kila dakika ya mafuta na huwa peke yake na mwalimu wake. Nafasi ya kukaa bure akitazama makosa ya wengine ni nadra kuipata.

Kipaza sauti hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe na kuachiwa ukimaliza. Anayesahau kukifunga hulifahamisha darasa zima, hadi Kanada, kwamba nyumbani kwake kuna jogoo asiyejua saa.

Je, wajua kwamba adui wa kwanza wa mwanafunzi ni springi? Joistiki nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa ajili ya ndege za mabawa au michezo ya vita, na ndani zina springi inayoirudisha fimbo katikati ukiiachia. Fimbo ya helikopta ndogo kama Robinson R22 haijirudishi. Tena pahali pa kuelea si katikati kamili. Kwa hiyo mwanafunzi wa nyumbani hupigana na springi kabla hajapigana na upepo. Wapo wanaofungua joistiki wakaitoa, wakafunga tena. Kolektivu nayo huigizwa kwa kishikio cha mafuta cha ndege, ambacho husukumwa mbele ili kuongeza nguvu, ilhali kolektivu huvutwa juu. Kuna programu zinazoruhusu kugeuza mwelekeo huo, na ni heri kugeuza siku ya kwanza kabla mkono haujazoea vibaya.

Pedali si lazima ununue. Joistiki nyingi huzungushwa kushoto na kulia, na mzunguko huo unaweza kufanya kazi ya miguu. Si raha, lakini inafaa.

Je, wajua kwamba kuhama kutoka helikopta moja hadi nyingine kunaweza kukugeuzia miguu? Rota za Kimarekani, ukizitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukiinua kolektivu, pua huelekea kulia, na mguu wa kushoto ndio unaoizuia. Rota za Kifaransa na nyingi za Kirusi huzunguka kama mshale wa saa, na huko mguu wa kulia ndio mlinzi. Microsoft iliporudisha helikopta mwaka 2022, ilileta mbili: Bell 407 ya Kimarekani na Cabri G2 ya Mfaransa Bruno Guimbal. Mwanafunzi aliyejifunza kwa wiki kadhaa kwenye moja akihamia nyingine huzunguka mara mbili tatu kabla hajakumbuka yuko nchi gani.

Mi-8 ya Kirusi, ile ambayo watu wa Goma na Bunia wameizoea ikiwa na rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa, nayo ni ya mguu wa kulia. Ka-50, iliyotiwa katika simuleta ya DCS mwaka 2008, imemaliza ubishi kwa njia yake: ina rota mbili, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume, na rota ya mkia haina.

Je, wajua kwamba marubani wa kweli huweza kuaibika kwenye simuleta ya nyumbani? Mtu mwenye uzoefu wa kweli hukaa mbele ya kioo, akashindwa kuelea pale ambapo mtoto wa sekondari anaelea. Si ajabu. Rubani huisikia helikopta kwa makalio kabla ya kuiona kwa macho: inapoanza kuteleza upande, kiti humwambia. Kiti cha sebuleni hakisemi. Pia kioo humnyima maono ya pembeni, ambayo kwayo mtu hutambua mwendo mdogo mdogo. Mtoto wa sekondari hajui kinachokosekana, kwa hiyo hakimsumbui.

Dawa ya sehemu ya tatizo ni kutazama mbali. Anayeanza hutazama ardhi mbele ya miguu, ambako kila kitu kinakimbia, naye anakifukuza. Mwalimu humwambia achague mti au jengo lililo mbali, na ardhi ya karibu aione kwa pembe ya jicho tu. Miwani ya uhalisia pepe husaidia sana hapa, kwa kuwa humrudishia mtu kina na pembeni, ingawa huwapa baadhi ya watu kichefuchefu kwa sababu macho yanasema tunaruka na masikio yanasema tumekaa. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha mafunzo kinachotumia miwani ya aina hiyo. Kilikuwa cha Uswisi, na kiliigiza Robinson R22.

Na msifanye mazoezi ya kuelea juu ya bahari. Naona wanaoanza wengi huvutiwa na maji ya Zanzibar kwenye simuleta, wakaenda kuelea juu yake, wakashangaa kuona wanateleza bila kujua. Maji hayana alama. Njia ya kurukia ndege ina mistari, namba na kingo, na ndiyo maana walimu hupenda kuwaweka wanafunzi hapo. Hata NASA imeonja joto la jiwe hili. Helikopta yake ndogo, Ingenuity, iliruka Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, katika hewa ambayo uzito wake ni kama asilimia 1 tu ya hewa yetu. Ilipangiwa safari zisizozidi tano, ikaruka 72. Ilijielekeza kwa kamera iliyotazama chini na kufuata alama za ardhini. Tarehe 18 Januari 2024 iliruka juu ya mchanga laini usio na mawe wala makunyanzi ya kutosha, ikashindwa kujua inakwenda kasi gani, ikatua vibaya, na mapanga yakavunjika.

Je, wajua kwamba injini ikizimika helikopta haianguki kama jiwe, almuradi mkono wa kushoto uwe mwepesi? Rubani akishusha kolektivu mara moja, hewa inayopanda kupitia mapanga wakati chombo kinashuka huendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi anaivuta kolektivu, na nguvu iliyohifadhiwa katika mapanga hayo humtua. Marubani huiita mbinu hiyo otorotesheni. Mfaransa Jean Boulet aliifanya kwa kiwango ambacho hakuna anayetaka kukirudia: tarehe 21 Juni 1972 aliipandisha helikopta ya Lama hadi mita 12,442, injini ikazimika huko juu, akashuka bila injini hadi chini salama.

Kwenye R22, yenye mapanga mepesi, muda wa kushusha kolektivu ni kama sekunde moja na kidogo. Hapa simuleta inang'aa. Mwalimu wa mtandaoni anaweza kuzima injini ya mwanafunzi bila kumwambia, mara kumi jioni moja, na gharama ni sifuri. Mwanafunzi wa helikopta ya kweli hawezi kuanguka mara kumi.

Lakini pia simuleta hufundisha tabia mbaya, na wenye kuipenda hawapendi kulisema. Kwenye kioo, kusukuma fimbo mbele ghafla ili kupiga mbizi ni mchezo wa kila mtu. Kwenye helikopta ya mapanga mawili kama R22 au R44, kufanya hivyo huondoa uzito kwenye rota, na shina la mapanga linaweza kugonga mhimili wake na kuukata. Mwaka 1995 Marekani iliweka kanuni maalumu kwa helikopta hizo mbili: hakuna kushika vidhibiti kabla ya kupewa somo la hatari hizo.

Kuzama katika upepo wako mwenyewe nako ni somo linalofaa sana kikundi. Helikopta ikishuka wima kwa kasi huku ikiwa na mwendo mdogo wa mbele, rota huanza kuivuta tena hewa iliyokwisha kuisukuma chini. Rubani huona anashuka, anainua kolektivu, na anashuka zaidi. Njia iliyofundishwa miaka mingi ni kusukuma fimbo mbele ili utoke katika hewa hiyo. Mswisi Claude Vuichard alieneza njia nyingine, ya kutoka kwa upande kwa msaada wa rota ya mkia, inayopoteza kimo kidogo. Darasani mwanafunzi mmoja hujaribu ya zamani, mwingine ya Vuichard, wote wakianzia futi ileile, na waliobaki wanalinganisha.

Je, wajua kwamba Nairobi na Dar es Salaam ni walimu wawili tofauti? Uwanja wa Wilson uko futi zipatazo 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua la mchana huipunguza zaidi. Pakia R22 watu wawili na mafuta kamili, ijaribu Dar es Salaam, kisha ihamishie Wilson saa nane mchana. Simuleta nzuri itakuonyesha tofauti: kolektivu imefika juu, na chombo bado kinafikiria. Mwanafunzi wa Uholanzi, ambaye nchi yake karibu yote iko karibu na usawa wa bahari, hushangaa. Wa Nairobi hujua tangu mwanzo.

Haya yote yanategemea mtandao, na mtandao wenyewe ni wa juzi. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kuuliza na kujibiwa kulichukua zaidi ya nusu sekunde. Mwalimu angesema "kushoto" mwanafunzi akiwa amekwisha kuanguka kulia. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu. TEAMS inatoka Fujairah, kwa jamaa zetu wa Ghuba, na kuishia Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010.

Ucheleweshaji mdogo bado upo. Ndiyo sababu helikopta ya mwenzako wakati mwingine huruka kama panzi kwenye kioo chako, ingawa kwake imetulia tuli, na ndiyo sababu mwalimu mwenye busara hatangulizi somo la kuruka kwa safu. Bando halimalizwi na sauti. Linamalizwa na mandhari: toleo la Microsoft la mwaka 2020 huvuta picha za ardhi mtandaoni unaporuka, juu ya zaidi ya gigabaiti 100 za kuliweka kwenye kompyuta. X-Plane na FlightGear zinaweza kuweka mandhari kwenye diski, ukaruka hata mtandao ukiwa wa kubahatisha.

Ukishaiva, upo mtandao wa VATSIM, ulioanzishwa mwaka 2001, ambako watu wa kujitolea huongoza ndege za kompyuta kwa sauti, kwa lugha na taratibu za mnara wa kweli. Kujiunga ni bure ukiwa na umri wa miaka 13 au zaidi. Pasipo mwongozaji, marubani kwa kawaida hutangaziana nia zao kwenye masafa ya 122.8. Jambo moja halina mzaha: kuweka namba ya utambulisho wa ndege 7500, ambayo ni ishara ya kutekwa nyara, hakuruhusiwi hata kwa kuigiza.

Na leseni? Marekani hutaka saa zisizopungua 40 kwa leseni ya binafsi ya helikopta, na EASA ya Ulaya hutaka 45. Saa za sebuleni, hata ziwe elfu, hazihesabiwi humo. Zinazohesabiwa, tena kwa kiasi, ni za vifaa vilivyoidhinishwa. Anayekwambia vinginevyo ana kitu anachokuuzia. Faida yako ni kwamba siku utakayolipia saa ya kweli, hutaitumia kuulizia kolektivu ni ipi.

Mwisho, saa. Madarasa hutangazwa kwa saa ya anga ya dunia, iitwayo Zulu, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato: toa tatu kwenye saa ya Zulu, na ikizidi kumi na mbili ondoa kumi na mbili. Zulu 18 ni saa tatu usiku. Zulu 15 ni saa kumi na mbili jioni. Shida huja darasa likitangazwa kwa saa ya London. Saa moja jioni ya huko ni saa tatu usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba inakuwa saa nne, ingawa kwetu hakuna aliyegusa saa. Wanafunzi wa Marekani huchanganyikiwa kuliko sisi, kwa sababu wao hurudisha saa zao Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa wiki hiyo moja katikati darasa zima hufika kwa mafungu.